Aliyezifunga Nyaya

Kioo kilisema "tik" Jumatatu asubuhi, Bi Vigae akiwa na kikombe cha chai mkononi na mkate mdomoni. Mwanamke mwingine angeendelea kutafuna. Yeye aliacha kutafuna, akasimama katikati ya karakana yake, shingo ameitoa mbele, akisubiri kioo kirudie kusema. Hakikurudia. Basi ndiyo ikawa mwisho wa chai ile, maana Bi Vigae alikuwa na ugonjwa mmoja tu usio na dawa: akisikia jambo asilolielewa, hali wala halali mpaka alielewe.

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Watu walimwita Bi Vigae kwa sababu tangu usichana wake hakupita penye kioo kilichovunjika bila kuinama. Chupa, vioo vya madirisha, vioo vya magari yaliyogongana, chemni za taa, miwani iliyokanyagwa, vyote aliviokota akavipanga kwa rangi kwenye ndoo. Kisha aliviunga na mbao, mabati na vifungo vya nguo, akatengeneza mapambo makubwa ya kuning'inia kwenye kumbi za watu. Ukiingia hotelini ukainua macho ukasahau mzigo wako, ujue umeona kazi yake. Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kazi hiyo, na sifa zake zilikuwa zimerefuka kuliko yeye mwenyewe, ambaye kusema kweli alikuwa mfupi.

Safari hii kazi ilikuwa ya maktaba mpya. Bi Vigae aliomba kila nyumba ya mtaa ilete kioo kimoja chenye historia, na watu wakaleta: huyu chupa ya manukato ya bibi yake, yule kioo cha dirisha la duka lililofungwa. Alivikata, akavipanga tabaka juu ya tabaka, akaviyeyusha ndani ya tanuri hadi vikashikana. Vilitoka vibao tisini na sita, kila kimoja kikiwa na upana wa sinia. Vilikuwa vining'inizwe darini, juu ya chumba cha watoto cha kusomea. Sherehe ya ufunguzi ilikuwa baada ya siku kumi na mbili.

Aliinua kibao kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Cha hamsini na tatu kilikuwa na ufa mwembamba, kuanzia pembe hadi katikati, na jana yake hakikuwa nao.

"Labda umekigonga," alisema mumewe. Huyu alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, na tangu astaafu alikuwa amehamishia kiti chake karakanani ili, kwa maneno yake, asimamie.

"Baba, mimi nigonge kioo?"

"Basi nimekigonga mimi, yaishe."

Dereva alichukua kibao kingine akakitazama. Alikuwa amevaa miwani yake ya jua ya zamani, ile ya kukata mng'ao wa barabara, ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba. Nyuma ya kibao ilikuwepo kompyuta ya mkewe, imewashwa, skrini nyeupe tupu. Dereva akainamisha kichwa upande mmoja kama kawaida yake anapotaka kuonekana mtaalamu.

"Mama, kompyuta yako imekufa. Imekuwa nyeusi."

"Haijakufa, naiona hapa."

"Kwangu nyeusi. Ila hiki kioo chako kinawaka moto."

Bi Vigae alimvua miwani bila kuomba ruhusa. Akainamisha kichwa vilevile. Skrini ilikuwa nyeusi tii, na ndani ya kibao, pale kioo cha chupa kilipokutana na kioo cha dirisha, palikuwa na mwanga mweupe uliojipinda kando ya kiungo. Akavua miwani, mwanga ukapotea. Akavaa, ukarudi. Alifanya hivyo mara nyingi hata mumewe akakaa chini kumsubiri.

Hakuchukua muda kuelewa kwamba mwanga ule unaonyesha mahali kioo kinapovutana, maana wenzake wa kazi walikwisha kumwonya zamani. Kila kiwanda cha kioo kina mapishi yake. Ukipasha moto kioo cha chupa kinatanuka kivyake, na cha dirisha kivyake. Vikiyeyuka pamoja vinashikana vizuri, lakini vikipoa kila kimoja kinataka kusinyaa kwa kipimo chake. Vinabaki vimekumbatiana huku vinavutana mashati, hadi siku kimoja kishindwe. Bi Vigae alidhani dawa yake ni kupoza tanuri polepole, siku mbili nzima. Sikio la kufa halisikii dawa. Sasa ule mvutano, ambao miaka yote ulikuwa hauonekani, alikuwa anautazama kwa miwani ya mumewe.

Alipima vibao vyote tisini na sita. Sabini na kimoja vilikuwa vinawaka.

Aliketi juu ya ndoo. Kibao kimoja kilikuwa na uzito wa mtoto mchanga, na chini yake wangekaa watoto kila siku wakisoma. Kutenganisha vioo vilivyoyeyushwa pamoja haiwezekani, ni sawa na kutoa chumvi kwenye mchuzi. Kutengeneza vipya, vioo vya watu vingetoka wapi? Bibi mwenye chupa ya manukato alikuwa na chupa moja. Aliona wazi kwamba kazi yote ilikuwa imemponyoka, akalia kidogo, na mumewe akajifanya anatafuta bisibisi.

Alipomaliza kulia alifuta macho, na ule ugonjwa wake ukamrudia.

"Baba," alisema, "na ile ya shuleni?"

Kazi yake ya kwanza kabisa ilikuwa kwenye ukumbi wa shule ya msingi, upande wa pili wa mji. Wakati ule alikuwa hana kitu, akayeyusha chochote alichookota: chupa, mitungi ya jamu, vioo vya magari. Kwa kazi zote za kuyeyusha zilizofuata alitumia mabaki ya fundi mmoja wa madirisha, kioo cha aina moja, kwa hiyo hazikuwa na ugomvi. Lakini ile ya kwanza ilikuwa mchanganyiko mtupu kuliko hii ya maktaba. Kwa haki ilitakiwa iwe imeshaanguka zamani. Nayo ilikuwa inaning'inia pale pale, mwaka wa ishirini na mbili. Kwa nini?

Hapa sina budi kumwanika Bi Vigae, ingawa nampenda. Ukweli ni kwamba hakuwahi kurudi kuitazama kazi ile. Miaka mitatu baada ya kuitundika, jarida moja la sanaa lilichapisha picha yake, na picha ilionyesha vibao vimezungukwa na nyaya nyembamba za shaba, zimefumwa kwa mafundo madogo. Mwandishi wa jarida alizisifu hizo nyaya kuliko kioo chenyewe. Akampigia simu Bi Vigae kumuuliza zina maana gani. Bi Vigae hakuwa ameweka waya hata mmoja. Alidhani shule imezifunga kuzuia upepo, na angeweza kusema hivyo, sentensi fupi tu. Badala yake alivaa miwani ya mbao akajibu kwamba nyaya zile ni pumzi za watu wanaoishi pamoja.

Pumzi! Neno hilo lilimfungulia milango. Hoteli ikataka nyaya, hospitali ikataka nyaya, na yeye akaziweka kila mahali kama urembo, zimelegea, hazishiki chochote. Aliulizwa habari za nyaya redioni na vyuoni, akaeleza, akaongeza chumvi, hadi mwisho mwenyewe akawa anaamini nusu.

Alifika shuleni saa nne, watoto wakiwa madarasani. Aliomba ngazi ofisini, akaiegemeza ukutani, akapanda hadi kichwa chake kikalingana na vibao. Alichokiona kilimfanya ashike ngazi kwa mikono miwili. Vibao vyote vilikuwa vimepasuka. Hapakuwa na hata kimoja kizima. Kila kimoja kilikuwa kimegawanyika vipande vitatu, vinne, na kila kipande kilikuwa kimekaa mahali pake ndani ya wavu wa shaba. Mafundo yalifuata nyufa. Penye ufa palikuwa na waya, pasipo na ufa hapakuwa na kitu. Alivaa ile miwani ya mumewe, akaweka simu, skrini ikiwa nyeupe tupu, nyuma ya kibao. Giza tupu. Hapakuwa na mvutano wowote.

"Shuka, mama," ilisema sauti chini. "Ngazi hiyo mguu mmoja ni mfupi. Mimi mwenyewe naitilia kigae."

Alikuwa mfagiaji wa shule, mwanamke mrefu wa miaka kama sitini, aproni ya kijani, mfukoni koleo. Bi Vigae alishuka. Alitazama koleo.

"Ni wewe," alisema.

"Inategemea nimefanya nini."

"Nyaya."

Mfagiaji alitazama mlango wa ofisi kwanza. "Ongea polepole," alisema, akamvuta hadi kwenye benchi la nyuma.

Alimweleza kwa kunong'ona. Pambo lilianza kulia mwaka ule ule lilipotundikwa. Alikuwa akipiga deki anasikia tik, anainua macho, anaona ufa. Mwalimu mkuu wa wakati ule alikuwa mtu wa kutupa, kiti kikilegea mguu kinatupwa. Na asubuhi, jua likipita kwenye vioo vile, sakafu yote inapata rangi, watoto wa darasa la kwanza wanaruka kutoka rangi moja hadi nyingine kabla ya kengele. "Nikasema kitu hiki hakitupwi mimi nikiwa hapa," alisema. Kwa hiyo kila Ijumaa, shule ikishafungwa, alipanda ngazi. Shaba aliitoa kwenye mota za feni mbovu. Kufunga alikuwa anajua tayari, maana Jumapili alisuka wasichana wa mtaani nywele za uzi.

"Na hakuna aliyejua?"

"Siri ya mtungi aijuaye kata."

"Lakini kwa nini sasa havivutani tena?"

Mfagiaji alimtazama kama anayeshangaa kuulizwa. "Kioo kikishapasuka kinatulia, dada. Kinacholia ni kile ambacho hakijapasuka. Hivi vililia miaka minne, mitano, halafu vikanyamaza. Mimi kazi yangu ni kuhakikisha havianguki tu."

Bi Vigae alikunja ile miwani akaitia mfukoni.

"Nilikusikia redioni," mfagiaji aliendelea, kwa sauti ile ile ya chini. "Ukieleza habari za pumzi. Nilijifunza mengi kuhusu zile nyaya siku ile."

Ardhi haikupasuka ikammeza. Ingepasuka ingekuwa nafuu, maana alilazimika kuendelea kukaa pale na kutazamwa. Akasema samahani. Mfagiaji akasema yamepita. Akasema samahani tena, na mfagiaji akamwambia kwa upole kwamba ana madarasa sita hayajafagiliwa, kwa hiyo kama kuna jambo jingine aliseme.

Lilikuwepo. Bi Vigae alimweleza habari za vibao sabini na kimoja, na za watoto watakaokaa chini yake.

Mwenyekiti wa kamati ya maktaba alipopewa habari kesho yake alicheka kwanza, akidhani ni utani. Alipoona si utani alikunja uso. "Kimepasuka kimoja kati ya tisini na sita," alisema. "Tundika, wageni waone, sherehe ipite. Mengine tutajua mbele ya safari."

"Mbele ya safari kuna mtoto amekaa chini yake," alisema Bi Vigae. "Vikae mezani kwangu mpaka nivitulize. Vikitulia nitavitundika, visipotulia mtafungua maktaba yenye dari tupu, na mtasema kosa ni langu."

Mfagiaji aliomba likizo yake yote ya mwaka, akaja karakanani Jumatano na begi la koleo. Dereva aliletewa mota nane za feni azifungue atoe waya, akapata hatimaye kazi ya kusimamia kweli. Kibao cha kwanza walikiweka juani kwenye bati hadi kikapata joto, ili wakipasue wenyewe kabla hakijajipasua. Bi Vigae alishika kitambaa kilicholoa maji baridi. Hapo mkono ulimgoma. Miaka yote mikono ile ilikuwa imejifunza jambo moja, kuzuia kioo kisipasuke.

"Cha nani hiki?" aliuliza mfagiaji.

"Kuna chemni ya fundi cherehani, chupa ya soda, na kioo cha saa ya mtu aliyekwisha kufa."

"Basi kipasue kwa heshima. Lakini kipasue."

Aliweka kitambaa. Tak! Ufa ulikimbia kutoka ukingo hadi ukingo ukipinda kandokando ya chemni. Bi Vigae alivaa miwani haraka, akainua kibao kwenye skrini. Ule mwanga mweupe ulikuwa umezimika. Ulibaki mdogo pembeni, kama ukucha, na tak ya pili ikaumaliza. Alicheka kwa sauti hadi jirani akachungulia. Akakimbilia cha pili.

Walifanya kazi siku tisa. Nyufa hazikutii mtu: kibao hiki kiligawanyika mara mbili, kile mara sita, na kila kimoja kilidai mafundo yake. Bi Vigae, aliyeweka nyaya kwenye kumbi kumi na moja, aligundua kwamba hajui kufunga waya. Fundo lake lilifunguka. Mfagiaji alilikata bila kusema neno, akamwonyesha tena. "Usivute, mdogo wangu. Nywele ukizivuta sana zinakatika. Shika tu, kichwa kijue kimeshikwa." Siku ya tano mafundo yake yalianza kushika. Siku ya tisa, kwa mara ya kwanza, hata moja halikukatwa.

Siku ya ufunguzi vibao vyote vilikuwa juu, na rangi zilikuwa chini, kwenye sakafu, mezani, kwenye mapaja ya watoto. Nyaya ziling'aa. Mwenyekiti alihutubia, akamshukuru Bi Vigae kwa subira ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo. Kisha akasimama mwandishi wa lile jarida, sasa ana mvi na miwani minene, akauliza swali alilolijua jibu lake.

"Mama, mara hii nyaya ni nyingi kuliko zamani. Tueleze tena maana yake."

Bi Vigae alikuwa na jibu mdomoni, limezoea njia. Hakuna aliyemlazimisha alimeze. Mfagiaji hakuwa ameomba chochote, alikuwa amekaa safu ya nyuma na gauni lake zuri, mikono yenye makovu ya waya ameifunika kwa pochi. Lakini huwezi kukaa siku tisa na mtu akikukatia mafundo yako mabovu, kisha usimame mbele yake useme pumzi.

"Nilikudanganya," alimwambia mwandishi. "Zile za shuleni sikuzifunga mimi. Kazi yangu ilipasuka, sikujua, sikwenda hata kuitazama. Aliyeifunga amekaa pale nyuma, na hizi za leo amenifundisha yeye. Za hoteli na hospitali ni urembo tu, hazishiki kitu. Maana yake muulizeni mwenyewe."

Kalamu ya mwandishi ilisimama. Mwenyekiti alikohoa. Wawili watatu waliinuka wakatoka, na mmoja wao alikuwa meneja wa hoteli. Bi Vigae aliwaona, moyo ukamuuma, akashuka jukwaani akampa mfagiaji kipaza sauti.

Mfagiaji alikishika kwa mikono miwili. Mwanzo alijibu neno moja moja. Shaba imetoka wapi? Kwenye feni. Haianguki? Haianguki. Kisha mtoto mmoja akauliza kwa nini kioo kinalia, na hapo akasahau watu wakubwa wote. Alieleza vizuri, kwa mikono, ukumbi mzima ukiwa umetulia. Mwalimu mkuu wa sasa wa ile shule, aliyekuwa safu ya tatu, alikuwa amefungua mdomo muda wote.

Bi Vigae alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha nyuma kilichoachwa wazi. Kulikuwa na jambo halikumwacha tangu siku ya ngazi, na kwa siku tisa alikuwa ameliogopa. Aliinua mkono.

"Wewe pale nyuma," alisema mfagiaji, na watu wakacheka. "Uliza, usiogope."

"Ilipoanza kulia," aliuliza Bi Vigae, "mwaka ule wa kwanza. Kwa nini hukuja kuniambia?"

Mfagiaji alikishusha kipaza sauti, akakiinua tena. Alionekana angependa swali lingine.

"Nilikuja, mdogo wangu," alisema. "Nilitoka kazini moja kwa moja, na aproni yangu na ufagio mkononi. Ulikuwa na wageni. Kabla sijafungua mdomo uliniambia hamhitaji mfagiaji, nijaribu nyumba inayofuata."

Watu walicheka tena, kwa kuwa alilisema bila kinyongo, na mwenyewe akacheka nao. Bi Vigae alijitahidi kuukumbuka uso ule mlangoni, aproni ile, mwaka ule. Alitafuta sana. Hakukumbuka kitu.